Kasha la babu limejaa vitabu vya katuni vya zamani, na masika haya yaja. Nifanyeje?

mjukuu_wa_kasha (Mkunazini)

Assalaam aleykum jamani, na shikamoo kwa wakubwa. Naomba msaada, maana mie katika mambo haya mgeni kabisa.

Babu yangu mzaa mama alikuwa karani bandarini Malindi hapa Unguja miaka hiyo, Allah amrehemu. Baada ya arubaini tukalifungua lile kasha lake la misumari ya shaba, sote tushajipa moyo kuwa mna hati za nyumba au vidani vya bibi, tunakuta makaratasi matupu. Bi mkubwa akataka siku ile ile ampe muuza njugu wa hapo chini afungie, mie ndo nikasema ngoja kwanza mama.

Nimehesabu. African Film 63, zile za picha za kamera sio za kuchora, yule bwana mwenye suti na kofia, Lance Spearman, watu wakimwita Spear. Film Tanzania 9. Sani, lile jarida la katuni la Kiswahili, kama 40 hivi na zengine hazina jalada. Indrajal za Kihindi 17 zina Phantom, yule shujaa wa kuvaa barakoa. Halafu fungu la Kizungu, Beano na za Kimarekani chache ila bei juu ya jalada ni ya peni za Kiingereza, sijui kwa nini, nadhani alikuwa akipewa na mabaharia. Na daftari moja la skuli kabandika Chakubanga, zile katuni alizokata kwenye gazeti la Uhuru, kila moja kaandika tarehe kwa kalamu ya risasi, hati yake ile ile aliyokuwa akiandikia orodha ya soko.

Hali yake sasa. Kingo zimekuwa rangi ya chai, pini za katikati zimeshika kutu mpaka doa limepita kurasa tatu nne. Baadhi zina vitundu kama vya sindano. Juzi nimefungua moja kikatoka kidudu cha rangi ya fedha kinateleza kama dagaa, kikaingia kwenye nyengine mbele ya macho yangu. Kasha lenyewe limeegemea ukuta wa nje, na nyumba zetu hizi mnazijua.

Maswali yangu: nivihifadhi vipi kabla mvua hazijaanza? Zilizochanika nizibandike selotepu? Na kuna bwana mmoja wa Dar kaletwa na shemeji yangu, anatoa laki na nusu kwa vyote, anasema anaondoka na boti ya Ijumaa nimpe jibu. Nimpe au nisimpe?

kibonge_darajani

Laki na nusu kwa makaratasi ya kufungia njugu na unauliza? Mpe yakhe, akibadili mawazo usije kulia hapa.

mzee_wa_zidaka

Marahaba mwanangu, na Mungu amlaze pema babu yako.

Kabla ya yote, huyo wa boti ya Ijumaa mwache aende na boti yake. Mtu anayenunua kwa haki hana haraka, atakaa akunywe kahawa avipitie kimoja kimoja. Muulize suali moja tu: nikikutolea Film Tanzania, vilobaki vyote utachukua kwa bei gani? Utauona uso wake.

Kibonge usinikasirikie, lakini hiyo njugu unoitaja ndo sababu yenyewe. Watu wanadhani kitu cha thamani kwenye kasha kama hilo ni hizo za Kimarekani kwa vile wamesikia Superman ya kwanza, Action Comics namba 1 ya Juni 1938 iliyokuwa ikiuzwa senti 10, mwaka 2024 imepigwa mnada dola milioni 6. Kweli. Lakini jiulize kwa nini ikawa adimu. Zilichapwa kwa malaki, watoto wakazisoma wakazitupa, halafu ikaja vita ya pili watu kule wakakusanya makaratasi yao yote yakasagwe upya kwa ajili ya vita na vitabu vya katuni vikaenda humo humo. Sisi hatukuhitaji vita. Sisi tulikuwa na kashata, vitumbua, njugu, na choo cha shimo ikibidi. Mie mwenyewe nimesoma nusu ya kisa cha Spear kwenye karatasi ya mbatata za urojo, mpaka leo sijui yule mwanamke alimsaliti au la.

Kwa hivyo Film Tanzania 9 pamoja ni kitu. Hiyo alikuwa akiitoa Faraji Katalambula, yule mwandishi wa Simu ya Kifo, akachukua ule mtindo wa Spear wa kupiga picha watu wakaigiza, akaufanya kwa Kiswahili na visa vya huku. Spear alikuwa akitolewa na kampuni ya jarida la Drum, kwa Kiingereza, akasomwa Nigeria, Kenya na kwetu, zilikuwa nyingi na wako watu Ulaya na Marekani wanazitafuta, maktaba za vyuo pia. Film Tanzania wanaoitafuta ni wachache lakini wenye nayo ni wachache zaidi.

Hizo za Kimarekani zenye bei ya peni usishtuke, sio bandia. Zilikuwa zikichapwa huko huko Marekani, zengine zinawekewa bei ya Kiingereza tangu mtamboni, zengine zinagongwa muhuri zikifika Uingereza. Kwa meli zilizokuwa zikipita hapa ndo hasa tungetarajia hizo.

Sasa kuhifadhi. Kasha litoe kwenye ukuta huo LEO. Nyumba zetu za mawe na chokaa zinanyonya maji kutoka chini kama utambi wa taa, na maji yanapanda na chumvi yake, ukitia mkono nyuma ya kasha utakuta ubaridi. Lihamishie ukuta wa ndani, ghorofa ya juu lakini sio chini ya bati, ulinyanyue kwa vipande vya mbao, uache nafasi ya kiganja nyuma ipite hewa. Nunua kipima unyevu kidogo kile cha betri, sio ghali. Karatasi inataka kwenye 50 hivi kwa mia, na isiyumbe yumbe. Huku masika chumba kinapita 80 bila ya jasho. Hutofika 50 bila ya mashine, usijitese, ukiweza kukaa chini ya 65 ukungu utakuwa na kazi ngumu.

Na kasha lenyewe, zuri kwa macho, baya kwa karatasi. Mbao zinatoa asidi pole pole. Litandike ndani na karatasi isiyo na asidi au vitabu vikae kwenye maboksi ndani yake.

mpemba_wa_mtambwe

mie ntasema kilonipata ili weye kisikupate maana hapa nilipo bado roho inaniuma na ni miaka 6 sasa, nilikuwa nazo Sani kama 120 tangu nasoma skuli Wete nazinunua kwa pesa ya kuchuma karafuu, Lodi Lofa, Ndumilakuwili, Madenge, Kipepe wote ninao na kwa mpango, nikasoma mahali kuwa kitabu kinatiwa kwenye plastiki basi nikaenda dukani nikanunua mifuko ile ya kawaida, nikatia kimoja kimoja nikafunga kwa selotepu nikapanga kwenye sanduku la bati nikafunga kufuli nikasafiri Oman miaka miwili, mwezi ule nilofunga ulikuwa wa nne mvua inanyesha kama imefunguliwa mfereji

nimerudi nafungua sanduku harufu ilonipiga ni ya mchele uliovunda, kumbe unyevu niliufungia mwenyewe ndani ya mfuko na ukakosa pa kutokea, kurasa zimegandana, navuta taratibu kwa ncha ya kisu uso wa Ndumilakuwili ukabanduka ukahamia ukurasa wa pili, pua huku, mdomo kule. selotepu nayo imekuwa njano imetoka gundi ikashika na jirani yake. vilivyosalimika 11 tu vile vya juu kabisa, na katika hivyo vitatu vina madoa kwa vile bibi yangu katia konzi ya karafuu mbichi humo asema zafukuza nondo, karafuu mbichi ina mafuta yakhe, kila ilipogusa pana duara la rangi ya hudhurungi

kwa hio: usifunge kitu kibichi, selotepu usiiguse hata kwa dawa, na karafuu ikiwa lazima basi iwe kavu kavu, kwenye kitambaa, mbali na karatasi

kibonge_darajani

Pua huku mdomo kule 😂😂 pole lakini

mpemba_wa_mtambwe

cheka tu wewe hukuchuma karafuu

ukhti_karatasi

Waalaykum salaam. Mimi kazi yangu ni makaratasi ya zamani, sio katuni lakini karatasi ni karatasi. Mzee wa zidaka kasema kweli, nataka niongeze yale ya wadudu kwa sababu hicho kidudu cha fedha hakiko peke yake, na ukihamisha kasha utahamisha na wao.

Dawa za kupuliza USIPULIZE. Mipira ile ya nondo ya kabatini pia sio, harufu haitoki tena na wewe ndo utakaeivuta. Njia ni friza. Ndio, friza ya nyumbani ikiwa inafika nyuzi 18 chini ya sifuri, ile ya kugandisha kweli, sio kile kichumba cha barafu cha juu ya friji. Vikaushe kwanza vitabu siku mbili tatu chumbani na feni (feni isivipige moja kwa moja), jua usivianike kabisa, jua linakula rangi na karatasi inavunjika kama kaukau. Halafu vifunge kwa karatasi nyeupe, tia kwenye mfuko wa plastiki wa kufunga, bana hewa yote itoke, tia ndani wiki mbili hadi tatu. Na hapa ndo watu wanaharibu: ukitoa USIFUNGUE mfuko. Uache masaa 24 mpaka uwe joto sawa na chumba, maana ukifungua ukiwa baridi maji ya hewani yote yanakimbilia kwenye karatasi, kama gilasi ya maji baridi inavyotoka jasho mezani. Mende na mayai yao na hao wa fedha wote wanakwisha.

Mifuko ya kuhifadhia baadae: mikavu isiyonuka. Plastiki laini inayonuka kama pazia jipya la bafuni hiyo ni PVC, inatoa asidi na inanasa wino, tupa. Polipropilini ni nzuri na rahisi, poliesta ile ngumu inayoalika, wenyewe wanaiita Mylar, ndo bora lakini bei yake, kwa hiyo wape Film Tanzania na hilo daftari peke yake. Nyuma ya kila kitabu weka bao la kadibodi isiyo na asidi, kadibodi ya boksi la sabuni hapana. Mdomo wa mfuko ukunje tu, usiubane.

Vile vipakiti vya kwenye viatu vipya, vya punje, vikusanye, vinanyonya unyevu. Lakini vikishajaa havifanyi kitu tena, watu wanaviacha miaka kumi wakidhani vinalinda. Punje zitoe, tandaza kwenye sinia, oveni ya moto mdogo saa moja na nusu hivi, zikipoa zitie kwenye kijifuko cha kitambaa. Zile zinazobadilika rangi zitakwambia zenyewe zikijaa.

Karatasi kuwa rangi ya chai hutoirudisha. Karatasi ya gazeti imetengenezwa kwa mti uliosagwa na utomvu wake wote, ndani yake mna kitu kinachoungua pole pole kwa hewa na mwanga. Unaweza kuichelewesha tu. Pini zenye kutu ziache kama unataka kuuza, mnunuzi anataka asili. Kama huuzi na kutu inakula, zinyanyue kwa kijiti cha mianzi, usivute.

Na daftari la Chakubanga likamate, lipige picha kila ukurasa. Christian Gregory alianza kumchora mwaka 1967 na magazeti yenyewe ya wakati ule sehemu nyingi yameshakuwa unga. Tarehe za babu yako kwa mkono ni kazi ya miaka.

fundi_simu_michenzani

Samahanini naingilia. Na mie ninayo hiyo Action Comics namba 1 ya Superman kanyanyua gari, ya marehemu baba, ni kubwa nzuri karatasi safi kabisa. Sasa nasikia milioni 6 za DOLA moyo unanidunda. Naiuzia wapi???

mzee_wa_zidaka

Kaa chini kwanza unywe maji. Chukua rula upime. Ya asili ni kama inchi 7 na robo tatu kwa 10 na nusu.

fundi_simu_michenzani

10 kwa 13 na nusu

mzee_wa_zidaka

Basi mwanangu hiyo ni ile chapa ya 1974, wenyewe DC, kampuni ya Superman, waliirudia kwa ukubwa wa karibu na gazeti. Ilikuwa na jalada jengine la nje linalosema kuwa ni marudio, mtu akilitoa hilo jalada ndani inabaki vile vile na matangazo yake ya 1938, na kote duniani watu wameuziwa hivyo. Baba yako pengine kauziwa pia, au limechanika tu. Bado ni kitu kizuri, kitunze, lakini usiache kazi ya simu.

fundi_simu_michenzani

Nishamwambia mke wangu 😭

salma_wa_sani

Mjukuu, mimi sitaki kununua nataka kubadilishana. Nnazo Sani mbili mbili nyingi, na naona weye zako zengine hazina jalada, inawezekana nnazo zenye jalada. Sani kwa wasiojua jina lenyewe limetoka kwa waanzilishi, Saidi Bawji na Nico ye Mbajo, SA na NI, nilikuwa nadhani ni kioja mpaka nikaambiwa na mtu mzima. Mimi natafuta Indrajal, zile zilianza 1964 Bombay na Phantom ndo alikuwa wa kwanza, zikafa 1990. Nyumba ya jirani yetu wa Kihindi Kiponda zilikuwa zimejaa tele tukiazima, walipohama wakaondoka nazo na utoto wangu.

Masharti yangu ya kubadilishana, na nakushauri uyatumie na kwa mwengine yeyote: kila kitabu picha nne, jalada la mbele, la nyuma, ukurasa wa katikati kwenye pini, na mgongo kwa karibu. Ukurasa wa katikati ndo wa kuangalia sana, huwa unachomoka peke yake na mtu hajui mpaka asome hadithi ikaruka. Hesabu kurasa. Tazama kama pana kuponi imekatwa na mkasi nyuma. Tunakutana mchana, Jaws Corner, barazani, kila mtu anafungua cha mwenzake, hakuna cha "ntakuletea chengine wiki ijayo". Pesa isiingie, pesa ikiingia mnaanza kutiliana shaka. Nilishatumiwa mzigo wa vitabu na boti kutoka Dar vimefungwa kwa gazeti tu, umewekwa sitahani, ulifika kama mkate umetiwa chai. Siku hizi nasema vipande viwili vya plaiwudi, kitabu katikati, plastiki mara mbili, na mtu namjua ndo aushike mkononi.

Zile alama za Kimarekani za kupimia hali ya kitabu, 0.5 mpaka 10, usizihangaikie kwa vitu vyetu. Zile kampuni za kule, kama CGC iliyoanza 2000, wanakifungia kitabu kwenye plastiki ngumu kisisomwe tena. Mie Sani yangu naisoma.

kibonge_darajani

Sasa mtu anafungia kitabu kisisomwe halafu mie ndo mnaniona mjinga

mzee_wa_zidaka

Hapo leo umesema.

Lakini na hilo nikosoane kidogo na Salma. Alama za kule hata kama hutaki kuuza zinakufundisha kuangalia. Mie nilijifunza kusoma mgongo wa kitabu kwa hizo, vile vistari vyeupe penye mkunjo wa pini, vikianza kukata rangi basi kimefunguliwa sana. Jina la mwenyewe juu ya jalada nalo kule wanalipunguzia alama. Huku kwetu mie nalipandishia. Spear yenye muhuri wa duka la vitabu la Unguja au jina la mtu na mwaka, hiyo inanambia ilifika huku kweli na ilisomwa na nani.

mjukuu_wa_kasha

Ahsanteni sana nyote, sikutarajia. Nirudishe khabari.

Nimemuuliza yule bwana suali la mzee wa zidaka. Nikisema "nikitoa Film Tanzania" akanyamaza, akaangalia simu yake, akasema basi vilobaki elfu thelathini. Yaani laki na ishirini nzima ilikuwa ni vile 9. Shemeji yangu kaniangalia mie, mie nikamwangalia shemeji. Kaondoka na boti yake.

Kasha tumelisogeza watu watatu. Ukutani nyuma yake palikuwa na alama nyeupe ya chumvi imepanda mpaka kiunoni na mchwa wameshaanza kujenga njia yao kwenye mguu wa nyuma, siku chache tu zilikuwa zimebaki. Kipima unyevu nimenunua kinasoma 78 saa hizi na mvua haijaanza. Nimevihamishia ghorofa ya juu kwenye kabati ya chuma ya skuli niliyoipata Mwanakwerekwe, vimepandishwa juu ya mbao.

Salma, Indrajal 17 nimezipiga picha, tatu kurasa za katikati hazipo nimekuonyesha. Jumamosi baada ya alasiri Jaws Corner inshaallah, nakuja na mfuko wa kijani. Sani namba zisizo na jalada nimeziandika nyuma.

Kuhusu jina, kwenye Spear nyingi babu kaandika jina na siku aliyonunua, na ndani ya moja kaweka tiketi ya sinema ya Majestic kama alama ya ukurasa, iko palepale alipoishia. Sijaitoa. Ukhti, tiketi hio inamdhuru kitabu?

Tatizo limebaki friza. Tuna moja tu na ina pweza wa bi mkubwa wa kuuza wiki nzima. Nimemwambia wiki tatu, akasema makaratasi ya baba yake hayalali na pweza.

ukhti_karatasi

Tiketi iweke kwenye kipande cha karatasi nyeupe isiyo na asidi hapo hapo ilipo, wino wake usiguse kurasa. Usiihamishe.

Pweza na karatasi wakae pamoja tu, mfuko ukiwa umefungwa vizuri mara mbili. Lakini mama akikataa, hapa hapa Unguja, Mombasa kwa Mchina, mie nnayo friza ina nafasi nusu, nina samosa tu.

mjukuu_wa_kasha

Bi mkubwa kachukua Sani moja "kuangalia tu", yuko na Lodi Lofa tangu adhuhuri, chakula hakijapikwa. Pweza amehamia kwa jirani.